Kichwa Kinauma: Je, Chatuambia Nini?

Juma hili tuzungumze habari za maumivu ambayo hakuna nyumba isiyoyajua. Mtoto mchanga peke yake ndiye asiyeweza kuyataja, sisi wengine wote, wazee kwa vijana, tumewahi kusema, "Leo kichwa kinaniuma." Na kwa kuwa ni jambo la kila siku, tumelifanya jepesi. Mmoja hununua vidonge viwili dukani, akameza kwa chai na kwenda zake shambani. Wa pili hufunga kitambaa kichwani akalala. Wa tatu husema ni malaria tu, akameza dawa iliyosazwa na mtoto wake mwaka jana. Wa nne husema ametupiwa jambo na jirani, akaenda kuchanjwa chale kwenye kipaji cha uso.

Basi, katika hao wanne ni yupi aliyefanya vema? Hatuwezi kujibu mpaka tujue kichwa chenyewe chauma kwa sababu gani. Kuumwa kichwa si ugonjwa mmoja. Ni kama mtu anayebisha hodi mlangoni. Mara nyingi ni jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mara chache ni mtu aliyekuja mbio kukuambia kwamba paa lako linawaka moto. Ukimwogopa kila abishaye hodi, utachoka bure. Lakini ukizoea kusema, "Ni jirani tu," bila kuchungulia mlangoni, siku moja utaungua. Kwa hiyo leo tujifunze kuwatambua wageni hao, mmoja mmoja.

KINACHOUMA NI NINI?

Watu wengi hudhani kwamba ubongo ndio unaouma. Sivyo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika ubongo, na mishipa ya damu, na misuli ya kichwa, shingo na mabega. Tena jino bovu, macho yaliyochoka na pua iliyoziba vyaweza kupeleka maumivu yake kichwani. Ndiyo maana dawa moja haiwezi kutosha kwa vichwa vyote.

KICHWA CHA UCHOVU

Hiki ndicho kinachowapata watu wengi kuliko vingine vyote. Huuma pande zote mbili, kama ngata iliyokazwa mno, au kama kamba iliyozungushwa kichwani ikavutwa. Hakipigi kama ngoma, chabana tu. Mwenye kuumwa aweza kuendelea na kazi, ijapokuwa kwa uzito. Pengine hudumu nusu saa, pengine siku kadhaa.

Sababu zake twazijua wenyewe: kulima kutwa juani bila kunywa maji, kubeba ndoo na kuni, kuinama muda mrefu, kukaa na njaa, kukosa usingizi. Na sababu nyingine kubwa ni mawazo: ada ya mtoto, deni la dukani, ugomvi ndani ya nyumba. Mtu mwenye mawazo hukaza misuli ya shingo na mabega bila kujua, na jioni kichwa chamlipisha.

Dawa ya kichwa hiki imo nyumbani mwako:

(1) Kunywa vikombe viwili vya maji safi, polepole.
(2) Kama hujala, kula kitu.
(3) Kaa kivulini. Weka kitambaa cha maji baridi usoni, au kitambaa cha maji ya moto shingoni, cho chote kinachokupa nafuu.
(4) Mwombe mtu wa nyumbani akukande shingo na mabega.
(5) Lala kidogo.

Baada ya saa moja, kama maumivu hayajapungua, hapo ndipo umeze dawa ya kutuliza. Na kama chanzo ni mawazo, yaseme kwa mtu unayemwamini. Kidonge hakilipi deni.

KIPANDA USO

Kichwa hiki ni cha namna nyingine kabisa. Mara nyingi hushika upande mmoja, nacho hupigapiga kama moyo. Mgonjwa husikia kichefuchefu, pengine hutapika. Mwanga wamuumiza, kelele za watoto zamuumiza, hata kutembea kwazidisha. Hutafuta chumba cha giza akajilaza. Asipotibiwa, maumivu huweza kukaa tangu saa 4 hata siku 3 nzima. Wengine, kabla ya maumivu kuanza, huona vimulimuli au mistari iliyopindapinda mbele ya macho, kwa muda usiopita saa moja.

Kipanda uso hufuata ukoo. Mama akiwa nacho, binti yake aweza kukirithi. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na wengi wao hupatwa karibu na siku zao za mwezi. Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Tuseme yuko mama ambaye kila mwezi huangushwa na kichwa, akatapika, akalala siku mbili. Mwezi wa kwanza watu wa nyumbani husema ni malaria. Mwezi wa pili husema ni malaria sugu. Mwezi wa tatu husema ni majini, na kuku mweupe anatafutwa. Mama huyo hana malaria wala majini. Ana ugonjwa unaojulikana na unaotibika, na kila mwezi watu wake wanatupa fedha mahali pasipo ugonjwa.

Msaada wake ni huu. Ameze dawa ya maumivu mapema, mara tu kichwa kinapoanza. Akingoja mpaka atapike, dawa haitashika vizuri. Alazwe mahali penye giza na kimya, watoto waambiwe wakachezee mbali. Aachwe asinzie. Na kama hupatwa mara nyingi katika mwezi, aende hospitali. Ziko dawa za kumeza kila siku ili kupunguza mashambulio hayo, lakini ni za kuandikiwa na daktari, si za kuokota dukani. Zaidi ya hayo, asimchukie mtu ye yote kwa ajili ya kichwa chake. Wangapi wamevunja ujirani kwa sababu ya kichwa kisichokuwa na mchawi?

KICHWA CHA HOMA

Mwili ukiwa na homa, kichwa nacho huuma. Katika nchi yetu jina la kwanza linalotujia ni malaria, na ni haki, kwani malaria bado yaua, hasa watoto walio chini ya miaka 5. Lakini si kila homa ni malaria. Mafua huleta homa na kichwa. Homa ya matumbo pia, na kichomi pia.

Kwa hiyo usikisie. Nenda upimwe. Siku hizi hata zahanati ndogo ina kipimo cha haraka: tone moja la damu kutoka kidoleni, na baada ya dakika 15 au 20 jibu liko tayari. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Ukionekana unayo, utapewa dawa mseto, ile iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2006. Humezwa mara 6 katika siku 3, pamoja na chakula. Hapa nakusihi: umalize dawa yote. Wengi hupata nafuu siku ya pili, wakaweka vidonge vilivyobaki juu ya kabati "kwa ajili ya siku nyingine". Hivyo ugonjwa hauishi mwilini mwao, na siku hiyo nyingine mwenzao humeza kipande cha dawa kisichoweza kumponya.

MACHO, MOSHI NA POMBE

Mtoto anayeumwa kichwa kila atokapo shule, tena hukunja uso akitazama ubao, apelekwe kupimwa macho. Huenda anaitwa mvivu, kumbe haoni. Vivyo hivyo mtu aliyepita miaka 40, akiumwa kichwa anaposhona au kusoma, huenda anahitaji miwani tu.

Katika nchi za baridi, kama Njombe na Makete, watu huingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga madirisha yote. Wapenzi, hatari hiyo ni kubwa kuliko baridi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia katika damu na kuizuia isibebe hewa safi. Dalili yake ya kwanza ni kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Watu wote chumbani wakiumwa kichwa pamoja, usitafute kidonge. Fungua mlango, watoe wote nje, jiko litolewe pia, na aliyelegea apelekwe hospitali upesi. Wako waliolala na jiko wasiamke.

Na pombe? Pombe hukausha maji mwilini, na asubuhi kichwa chaeleza habari zote. Lakini mtu aliyekunywa gongo au pombe isiyojulikana ilikotoka, kisha akaumwa kichwa na macho yakaingia ukungu, huyo si mlevi wa kuchekwa. Huenda amekunywa spiriti yenye sumu, na aweza kuwa kipofu au kufa. Akimbizwe hospitali.

KICHWA CHA VIDONGE

Sasa nitawaambia jambo ambalo wengi hawalisadiki. Dawa ya kichwa, ikimezwa mara nyingi mno, yenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Wako watu ambao vidonge viwili vya asubuhi vimekuwa kama chai. Wasipomeza, kichwa huanza, wakimeza, hutulia, kesho huanza tena. Husema, "Kichwa changu ni sugu, bila dawa siwezi." Kumbe dawa ndiyo inayokilisha kichwa hicho. Yafaa tujue hesabu hii: mtu mwenye ugonjwa wa kichwa akimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa muda unaopita miezi 3, yumo katika hatari hiyo. Kama ni vile vidonge vya mchanganyiko, vilivyotiwa kafeini, yaani ile nguvu iliyomo katika kahawa, siku 10 katika mwezi zatosha kumfunga.

Tiba yake ni kuviacha. Siku za kwanza kichwa kitazidi, na mwenyewe atataka kurudi. Lakini akivumilia, kwa kawaida maumivu hupungua baada ya majuma machache. Aliyezoea vidonge vikali asijaribu peke yake, bali aende kwanza kwa daktari. Na wewe ambaye bado hujafungwa, jiwekee sheria: dawa ya kichwa isipite siku 2 katika juma. Ukiona wahitaji zaidi, si vidonge unavyohitaji, bali kupimwa.

Hata kwa siku hizo chache, tumia dawa kwa kipimo. Kidonge cha parasetamoli cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya humeza 1 au 2, kisha hungoja saa 4 hata 6 kabla ya kurudia. Na usiku na mchana pamoja visipite vidonge 8. Vikizidi hapo huharibu ini, na ini likiharibika hakuna duka liuzalo jingine. Mnywaji wa pombe na mwenye ugonjwa wa ini waulize kwanza kwa mganga. Mtoto hupewa kwa uzito wake, si kwa kukisia nusu ya kidonge cha baba. Tena mtoto mwenye homa asipewe aspirini, kwa sababu yaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Mama mjamzito asimeze dawa nyingine za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, bila kuambiwa na daktari. Nazo humwumiza sana mwenye vidonda vya tumbo.

Je, dawa za kienyeji? Kufunga kitambaa kichwani au kukandwa kwa mafuta hakuna ubaya. Lakini chale zina ubaya. Wembe uliotumika kwa mwingine huweza kuleta pepopunda na virusi vya UKIMWI, na maumivu hayatoki kwa kutoka damu.

WAKATI WA KUKIMBIA

Dalili ya mvua ni mawingu. Haya ndiyo mawingu. Ukiona mojawapo, usingoje kesho, usingoje siku ya gulio:

(1) Kichwa kilichokuja ghafla kama radi, kikawa kikali kupita vyote ulivyowahi kuumwa.
(2) Kichwa pamoja na homa na shingo ngumu isiyoweza kuinama, au kuogopa mwanga, kutapika na kuchanganyikiwa. Huenda ni homa ya uti wa mgongo, ambayo yaweza kuua kwa siku moja. Kwa mtoto mchanga tazama kama utosi umevimba, anakataa ziwa, analia kwa sauti isiyo ya kawaida au amelegea.
(3) Kichwa baada ya kuanguka mtini au kwenye pikipiki, ikiwa mtu anatapika, anasinzia mno, au aliwahi kuzimia, hata kama baadaye aliamka akasema hana neno.
(4) Kichwa pamoja na mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au maneno kutosikika vizuri.
(5) Kichwa pamoja na degedege, au kuzimia.
(6) Kichwa kinachozidi siku kwa siku, hasa kinachoamsha usingizini au kuleta kutapika kila asubuhi. Na kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50.
(7) Kichwa kinachokaa siku nyingi kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, hata kama hana homa. Huenda ukungu umeingia katika utando wa ubongo, nao unatibika ukiwahiwa.

La nane nimeliweka peke yake, kwa sababu ndilo linalofichwa zaidi majumbani.

KICHWA CHA MAMA MJAMZITO

Mama ambaye mimba yake imepita miezi 5, akiumwa kichwa kikali kisichotulia, akaona ukungu au vimulimuli, au uso na mikono ikavimba, au akasikia maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, huyo yumo hatarini. Damu yake inakwenda kwa nguvu kupita kiasi. Hatua inayofuata ni kifafa cha mimba, na kifafa hicho humwua mama na mtoto pamoja. Hata baada ya kujifungua hatari haijaondoka. Yaweza kutokea mpaka majuma 6.

Mara nyingi mama huyo hasemi, maana hataki kuitwa mwoga. Akisema, mkwewe humjibu, "Mimba ndivyo ilivyo, hata mimi nilivumilia." Baba naye yuko mbioni kutafuta nauli. Saa zapita. Wazee wangu, mimba sivyo ilivyo. Hospitali ina kipimo cha damu na cha mkojo, na ina sindano ya kuzuia kifafa hicho. Lakini sindano haiwezi kutembea kuja kijijini. Mama ndiye wa kupelekwa. Basi, baba wa nyumba, weka nauli ya mama tangu sasa, na patana mapema na mwenye pikipiki au gari, usiku na mchana. Na kila mama mjamzito aende kliniki kwa siku zake zote, kwa kuwa kipimo huona hatari kabla kichwa hakijauma.

Hapo pana fundisho kwa sisi sote. Wengi husema, "Presha sina, kichwa hakiniumi." Presha kwa kawaida haiumi. Hukaa kimya miaka mingi ikiharibu moyo na figo. Asiyeumwa kichwa naye apimwe.

MASWALI MATATU

Basi, kichwa kikikuuma, kabla ya kuinua mkono kwenda kwenye vidonge, jiulize maswali matatu. La kwanza: Je, nina dalili mojawapo ya hatari? Kama ndiyo, hospitali sasa hivi. La pili: Je, nina homa? Kama ndiyo, nikapimwe. La tatu: Je, leo nimekunywa maji, nimekula, nimelala? Kama sivyo, nianzie hapo.

Na mwenye kuumwa mara kwa mara achukue daftari la kurasa chache. Aandike siku, saa kichwa kilipoanza, upande ulioshikwa, alichokula, alichomeza, na wanawake waandike siku zao za mwezi. Baada ya miezi 2 daftari hilo litamsaidia daktari sana, na pengine utamwona mgeni wako mwenyewe, jinsi ajavyo na sababu imletayo.

Kateni ukurasa huu muubandike ukutani karibu na kalenda, hasa penye ile orodha ya hatari. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wa shule. Na mama mkwe asomewe mara mbili.